Kutengeneza Dawa ya Klorini Katika Zahanati kwa Maji ya Chumvi na Umeme wa Sola

Zahanati iliyo mbali na barabara ya lami hukosa klorini wakati ule ule inapoihitaji zaidi, yaani masika yanapokata njia na kipindupindu kinapoanza kuingia vijijini. Hata dumu la jiki linalofika kwa shida huwa limekwisha kupigwa na jua garini na kukaa katika stoo ya mabati, kwa hiyo nguvu iliyoandikwa kwenye lebo huenda isiwemo tena ndani ya dumu. Sodiamu haipokloriti, ambayo ndiyo dawa yenyewe iliyomo katika jiki, inaweza kutengenezwa papo hapo kwa maji, chumvi na umeme kidogo. Mwongozo huu umekusudiwa mhudumu wa afya, fundi wa maji wa kijiji au msimamizi wa shule ya bweni anayetaka kupata lita chache kwa siku za dawa yenye nguvu ya asilimia 0.5, ambayo ni sawa na gramu 5 za klorini hai, yaani ile yenye uwezo wa kuua vijidudu, katika kila lita.

Niseme mapema jambo ninalolisisitiza katika kazi hii yote. Kuitengeneza dawa hii ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, lakini kujua nguvu yake kunahitaji uangalifu kila siku, na maji yanayonuka klorini ambayo hayajapimwa hayafai kukabidhiwa mtu anayesafisha chumba cha kujifungulia. Kwa sababu hiyo, asiye na kipimo cha klorini asianze kutengeneza mpaka akipate.

Njia hii ina umri wa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mkemia Mwingereza Henry Dakin alieneza matumizi ya haipokloriti yenye nguvu ya takriban asilimia 0.5 katika kusafisha majeraha ya askari, na dawa ya aina hiyo ilitengenezwa kwa kupitisha umeme katika maji ya bahari ndani ya meli ya hospitali iliyoitwa Aquitania. Kilichobadilika tangu hapo ni ubora wa elektrodi, yaani vipande vinavyochovywa majini kupitisha umeme, na kupatikana kwa paneli za sola, mambo mawili yaliyoifanya kazi iliyohitaji mtambo mkubwa ifanyike juu ya meza.

Kinachotokea ndani ya chombo

Chumvi ikiyeyuka katika maji hugawanyika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu na za kloraidi. Umeme wa mkondo mnyoofu, ule wa betri na wa paneli, ukipitishwa humo kwa elektrodi mbili, kloraidi hupoteza elektroni kwenye elektrodi chanya, inayoitwa anodi, na kugeuka klorini. Kwenye elektrodi hasi, yaani kathodi, maji hupokea elektroni na kutoa gesi ya haidrojeni huku yakiacha nyuma ayoni za haidroksidi, zinazoyapa maji ubesi, hali iliyo kinyume cha asidi. Kwa kuwa hakuna ukuta unaozitenganisha pande hizo mbili, klorini hukutana na haidroksidi ndani ya maji yale yale na kuzaa haipokloriti. Hii ndiyo sababu chombo kinachofanya kazi vizuri hutoa mapovu mengi ya haidrojeni na harufu ya klorini iliyo hafifu tu. Harufu ikiwa kali ya kuchoma koo, kuna kasoro: huenda maji yana asidi, au joto limezidi.

Hesabu ya umeme ni ya kuaminika, nayo humsaidia mtu kugundua mapema kwamba kifaa chake kinadanganya. Kila ampea-saa 1 inayopita ina uwezo wa kutoa gramu 1.32 za klorini endapo hakuna kinachopotea. Katika vifaa vidogo sehemu ya umeme hupotea kwa kutengeneza oksijeni na klorati, na kwa kuirudisha haipokloriti kuwa kloraidi kwenye kathodi, kwa hiyo ni busara kutarajia kama theluthi mbili tu ya kiasi hicho. Lita moja yenye gramu 5 itahitaji basi karibu ampea-saa 6, yaani ampea 6 kwa saa 1 au ampea 3 kwa saa 2. Kwa volti 4 hadi 5 zinazohitajika kati ya elektrodi, hiyo ni takriban wati-saa 25 hadi 30 kwa lita, kiasi ambacho paneli ndogo ya zahanati hukimudu asubuhi moja.

Kifaa: mahali pasipofaa kubana matumizi

Intaneti imejaa picha za watu wanaochovya misumari, vijiko na vipande vya bomba la shaba katika maji ya chumvi. Namsihi msomaji asifanye hivyo kwa dawa itakayogusa watu. Anodi ya chuma huyeyuka na kuyajaza maji kutu. Ile ya chuma kisichoshika kutu ni mbaya zaidi, kwa kuwa chuma hicho kina kromiamu, ambayo katika hali hii huweza kuingia majini katika umbo lenye sumu linalosababisha saratani. Shaba hutoa chumvi za shaba. Kaboni inayotolewa katika betri kuukuu haina sumu ya namna hiyo, lakini humomonyoka na kuyageuza maji kuwa meusi, na elektrodi hupungua kila siku hata hesabu ya jana isifae leo.

Anodi inayofaa ni ya titaniamu iliyopakwa oksidi za rutheniamu au iridiamu. Titaniamu tupu haifai kuwa anodi, kwa sababu hujifunika utando usiopitisha umeme na kazi husimama. Utando wa oksidi hizo, uliobuniwa na Henri Beer katika miaka ya 1960, ndio uliobadilisha viwanda vya klorini duniani kote, nao unapatikana leo katika vifaa vidogo vilivyobuniwa kwa ajili ya vituo vya afya na jamii za vijijini. Shirika la Antenna Foundation la Geneva lilibuni vifaa vinavyoitwa WATA, na mwaka 2015 kampuni ya MSR ya Marekani, ikishirikiana na shirika la PATH, ilitoa kifaa chake cha kijamii kinachotumia betri ya gari. Elektrodi za kusafishia mabwawa ya kuogelea zina utando wa aina ile ile na fundi mzoefu anaweza kuziunda upya, ila inambidi apime mkondo kwa amita na kuhakikisha kwamba viungio vya waya viko juu ya maji, visilowe.

Kosa moja huua kifaa kizuri bila kishindo, nalo ni kugeuza nyaya. Katika vifaa vingi ni anodi peke yake iliyopakwa utando. Waya wa chanya ukifungwa kwenye kathodi, elektrodi isiyo na kinga hugeuka anodi na kifaa huharibika. Paka rangi nyaya, na weka alama kwenye betri, hasa mahali ambapo kazi hii hupokezanwa na watu kadhaa kwa zamu.

Chumvi na maji

Chumvi iwe nyeupe, safi na kavu. Chumvi ya mezani iliyosafishwa kiwandani inafaa, na madini joto yaliyotiwa humo hayana madhara kwa kazi hii: gramu 25 za chumvi hubeba kama miligramu 1 tu ya ayodini au pungufu, na dawa yenyewe huzimuliwa tena na tena kabla haijatumika. Chumvi ghafi ya mashamba ya pwani, kama ile ya Gongoni na Ngomeni katika kaunti ya Kilifi, inaweza kuwa na kalsiamu na magnesiamu inayoganda kwenye kathodi kama chokaa, kwa hiyo anayeitumia asafishe elektrodi mara nyingi zaidi. Chumvi ya Uvinza mkoani Kigoma, inayotokana na chemchemi za maji chumvi, ni afadhali ichukuliwe iliyokwisha kusafishwa. Chumvi ghafi ya Ziwa Katwe nchini Uganda ina karbonati na salfeti nyingi, nami sishauri itumike kabisa.

Wanaoishi kando ya bahari huuliza kwa nini wasichote maji ya bahari moja kwa moja. Kwa kusafisha sakafu yatafanya kazi baada ya kuchujwa, ingawa kathodi itaziba upesi. Kwa maji ya kunywa hayafai, kwa sababu bahari ina bromaidi, na umeme huweza kuigeuza kuwa bromati, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kiwango cha juu kidogo sana katika maji ya kunywa.

Pima gramu 25 za chumvi kwa kila lita ya maji masafi yaliyotulia. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima chenye chokaa. Pasipo na mizani, ipo njia inayotegemeka kuliko kukadiria kwa kijiko: tia chumvi nyingi katika chupa ya maji, tikisa, acha ikae mpaka usiku upite, kisha tikisa tena na uhakikishe kwamba bado ipo chumvi iliyobaki chini bila kuyeyuka. Maji yaliyo juu yake yatakuwa yameshiba chumvi, yakibeba zaidi ya gramu 300 kwa lita, na hayawezi kupokea zaidi hata ukiongeza. Chukua mililita 80 za maji hayo, ongeza maji masafi hadi lita 1, nawe utakuwa na gramu 25 au zaidi kidogo. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba kabla ya kumimina katika chombo cha kazi, ambacho kiwe cha plastiki ngumu au kioo. Chombo cha bati au sufuria ya alumini kisitumike.

Kuendesha kifaa

Weka chombo mahali penye hewa inayopita, kwenye kibaraza chenye kivuli au karibu na dirisha lililo wazi. Paneli ikae juani, lakini chombo kikae kivulini, kwa maana maji yakipata joto la nyuzi 40 na zaidi haipokloriti huanza kugeuka klorati, ambayo haiui vijidudu na haitakiwi katika maji ya kunywa. Katika miji yenye joto kama Mombasa na Dar es Salaam, kuanza saa mbili asubuhi kunaleta dawa bora kuliko kuanza saa saba mchana.

Haidrojeni isidharauliwe. Kila lita ya dawa huambatana na lita 2 na nusu hivi za gesi hiyo, ambayo haina rangi wala harufu, na ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa inaweza kuwaka kwa cheche ndogo tu. Katika kibaraza hupotea mara moja. Ndani ya kabati, au katika ndoo iliyofunikwa kwa mfuniko unaobana, hujikusanya. Funika chombo kwa kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi na nzi, usiwashe kiberiti, jiko wala sigara karibu, na uzime umeme kwanza kwenye swichi kabla ya kugusa nyaya, ili cheche isiruke juu ya maji.

Vaa glovu za mpira, miwani ya kinga na nguo kuukuu. Chovya elektrodi hadi alama iliyowekwa na mtengenezaji, fungua umeme, na uangalie mapovu: katika dakika ya kwanza maji yanatakiwa yaonekane kama yamechanganyika na maziwa kwa wingi wa viputo. Acha kwa muda ulioelekezwa. Kuongeza muda ili dawa iwe kali zaidi ni kupoteza umeme, kwa sababu kadiri haipokloriti inavyoongezeka ndivyo inavyoharibiwa kwenye elektrodi zile zile zilizoitengeneza. Muda ukiisha, zima, toa elektrodi na uzisuuze kwa maji masafi.

Kupima nguvu ya dawa

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mrefu zaidi. Vifaa vizuri huuzwa pamoja na kitendanishi cha matone: dawa hutiwa katika kichupa, matone huhesabiwa mpaka rangi ibadilike, na idadi yake hutoa gramu kwa lita. Fuata maelekezo ya kipimo chako neno kwa neno, kwa kuwa kila mtengenezaji ana hesabu yake.

Kituo kisicho na kitendanishi hicho kinaweza kutumia kipimo cha DPD, kinachogeuka rangi ya waridi mbele ya klorini na ambacho wapimaji wengi wa maji wanacho. Kosa la kawaida ni kukitia katika dawa yenyewe isiyozimuliwa. Klorini ikiwa nyingi kupita kiasi huichujusha rangi hiyo, maji yakabaki bila rangi, na mtu akaandika sifuri mbele ya dawa kali kabisa. Kwa hiyo vuta mililita 1 ya dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uitie katika lita 5 za maji ya chupa yaliyofungwa kiwandani, koroga, kisha pima. Usomaji wa miligramu kwa lita, ukizidishwa kwa 5, ndio gramu kwa lita za dawa yako. Ukisoma 1.0, dawa ina gramu 5, yaani asilimia 0.5. Ukisoma 0.6, ina gramu 3. Maji ya kuzimulia yapimwe yenyewe kwanza ili kuhakikisha hayana klorini, na yasiwe ya mto wala ya kisima, maana uchafu uliomo utakula klorini na kukupa jibu la chini kuliko ukweli.

Andika tarehe, saa, nguvu iliyopimwa na jina la aliyepima kwenye chupa na katika daftari.

Kuzimua na kutumia

Katika zahanati nyingi watu wamezoea jiki ya asilimia 3.5, na mkono umekwisha kujifunza kuchanganya sehemu 1 ya jiki na sehemu 6 za maji ili kupata asilimia 0.5. Mazoea hayo yakihamishiwa kwenye dawa hii, matokeo ni maji ya asilimia 0.07 yanayomwagwa juu ya damu kwa imani kwamba yanaua kila kitu. Dawa yenye asilimia 0.5 iliyotoka kwenye kifaa hutumika kwa damu na majimaji ya mwili jinsi ilivyo, bila kuongezwa tone la maji. Lebo iseme hivyo kwa herufi kubwa.

Kwa nyuso za kawaida kama meza, vitasa na vitanda, asilimia 0.1 inatosha, yaani sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 4 za maji. Kwa kunawa mikono wakati wa mlipuko, pale tu sabuni au kitakasa mikono cha spiriti kinapokosekana, asilimia 0.05 hupatikana kwa sehemu 1 na sehemu 9 za maji. Iwapo kipimo kimeonyesha asilimia 0.3, hesabu hubadilika: gawanya nguvu uliyo nayo kwa nguvu unayotaka, kisha toa 1, utapata sehemu za maji. Kwa asilimia 0.05 jibu ni sehemu 5, wala si 9.

Ondoa uchafu kwanza kwa sabuni na maji, kisha paka dawa na uiache juu ya uso kwa dakika 10, kwa sababu damu, matapishi na udongo humaliza klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Dawa hii ina chumvi nyingi iliyobaki, karibu gramu 20 katika kila lita, kwa hiyo inakula vyuma kuliko jiki. Vitanda na toroli vifutwe kwa maji masafi baadaye, na mikasi na koleo visilowekwe humo. Watu wasinyunyiziwe dawa mwilini, jambo ambalo limefanyika katika milipuko mingi na halina faida.

Maji ya kunywa yanahitaji dozi ndogo mno. Ndoo ya lita 20 ya maji maangavu hutiwa mililita 8 za dawa ya gramu 5 kwa lita, ambayo ni miligramu 2 kwa kila lita ya maji. Maji yenye tope yaachwe yatulie na yachujwe kwanza, kisha yatiwe mililita 16. Koroga, funika, subiri dakika 30, kisha pima kwa DPD: baada ya muda huo klorini iliyobaki iwe walau miligramu 0.5 kwa lita, na mnywaji aikute isiyopungua 0.2. Ikiwa haionekani kabisa, maji yameimaliza na hayajawa salama. Dozi hii hutokomeza vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini kimelea cha kuhara kiitwacho Kriptosporidiamu huihimili, kwa hiyo mtoto mchanga na mgonjwa mwenye kinga dhaifu wapewe maji yaliyochemshwa.

Dawa hii isichanganywe kamwe na siki, ndimu, dawa ya choo yenye asidi, amonia wala mkojo. Asidi huifungua klorini ikatoka kama gesi, ambayo katika choo kidogo chenye mlango uliofungwa inaweza kuua. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 na upeleke mgonjwa kwa tabibu.

Kuhifadhi, na nguvu inapopungua

Jiki ya dukani hudumu kwa miezi kwa sababu imeongezwa kostiki soda hadi pH yake, yaani kipimo cha asidi na ubesi, ikazidi 11. Dawa itokayo kwenye kifaa chako ina pH ya karibu 9, nayo hupungua nguvu upesi, hasa ikipata mwanga na joto. Inawezekana kuiongeza kostiki soda, lakini hiyo ni kemikali inayounguza ngozi na macho, na kwa kituo chenye sola naona ni heri kutengeneza kila asubuhi kiasi cha siku moja. Ihifadhi katika chupa ya plastiki isiyopitisha mwanga, kizibo kisikazwe sana, mbali na watoto na mbali na chupa za soda na maji ya kunywa. Kilichobaki kesho yake kipimwe upya kabla hakijatumika.

Endapo daftari linaonyesha nguvu ikishuka siku hadi siku huku chumvi na muda ni vile vile, anza na kathodi. Utando mweupe juu yake ni chokaa. Ioshe vizuri kwa maji, iloweke katika siki mpaka chokaa iyeyuke, isuuze tena, na kazi hiyo ifanyike mbali na dawa kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Usizikwangue elektrodi kwa kisu wala kwa sandpepa, kwani utaondoa oksidi ya anodi, na hiyo hairudi. Kathodi ikiwa safi, pima mkondo kwa amita: ukiwa chini ya ule ulioandikwa kwenye kifaa, angalia betri, vumbi juu ya paneli na viungio vilivyoshika kutu kwa sababu ya mvuke wa chumvi. Mkondo ukiwa sawa, pima chumvi upya na uangalie joto la maji. Na ikiwa hayo yote ni sawa lakini nguvu bado iko chini, utando wa anodi umekwisha. Agiza elektrodi nyingine, na mpaka ifike, rudi kwenye jiki ya dukani, ukiipima nayo kabla ya kuitumia.